Nyanya Fupi ya Jabiri

Kijiwe chetu cha mtaa wa Kamunyonge kiko mbele ya cherehani ya Jabiri: benchi moja na birika la kahawa la Isaya. Asubuhi ile Jabiri alitoka na ndoo ya rangi, akaitua juu ya meza ya kukatia nguo. Ndani kulikuwa na mche wa nyanya usiofika goti, shina nene, majani ya kijani kizito yenye mikunjo, na nyanya sita zimeiva. Alikuwa ameutafuta miaka mitatu. Alidhani tutafurahi.

Wa kwanza alikuwa Burito, seremala tunayemwita Kipimo. Alitoa futi kamba.

— Sentimita thelathini na nane. Imedumaa. Ndoo imebana mizizi.

— Haijadumaa, mura. Nimeizalisha iwe fupi.

— Nani anatakaga nyanya fupi?

Akaingia Alfonce, tunayemwita Breki kwa sababu hana.

— Hiyo ni maji ya bomba. Ile dawa wanayotiaga inafupishaga vitu. Angalia watoto wa mtaa huu.

— Watoto wa mtaa huu warefu, Breki, Kipimo akasema.

— Hao wanakunywaga ya ziwani.

Jabiri akavua miwani.

— Nisikilizeni, mara ya mwisho. Mama alikuwaga na aina yake ya nyanya kule kijijini Guta, tamu, inapanda mpaka inakupita kichwa. Nikachukua unga wa ua la nyanya fupi, nikapaka kwenye ua la ile ya mama. Watoto wote wakatoka warefu. Nikapanda mbegu zao arobaini, tisa zikawa fupi. Nane chachu kama ndimu. Moja tamu. Hii ni mtoto wa hiyo moja.

— Umeozesha nyanya? Kipimo akauliza. Kwa cheti gani?

— Basi tuzalishie ng'ombe, Breki akadakia. Ng'ombe wa kimo cha paka, mtu anafuga chini ya kitanda, anakamua amelala.

— Na mavi yake?

— Anavalishwa nepi.

Wakabishana juu ya nepi ya ng'ombe kikombe kizima cha kahawa, mpaka Jabiri akapiga meza.

— Mama hasimami! Tangu avunjike nyonga anashindaga mlangoni kwangu kwenye mkeka. Kila siku anaomba achume nyanya yake kwa mkono wake. Hii ataifikia akiwa amekaa. Basi!

Agness, mgeni wa mtaa aliyekuja kufuata gauni lake, alikuwa amesimama pembeni muda wote.

— Shikamoo, baba. Kwani mama ameshaionja?

— Marahaba. Bado. Zote nakamuaga mbegu. Nilitaka ikamilike kwanza.

— Itakamilika lini?

Jabiri akatutazama. Kipimo akakunja futi kamba yake. Isaya akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika.

Jabiri akabeba ndoo, akaelekea kwake, gauni la Agness akaliacha chini ya sindano bila zipu.

Alirudi baada ya nusu saa, mkono mmoja ameufumba. Alipoufungua, kiganjani mlikuwa na mbegu zenye utelezi, zimetoka kutemwa.

— Amesemaje? Agness akauliza.

— Kachuma mwenyewe, tatu. Kanigombeza mbele ya majirani, eti miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri nini.

Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

— Halafu akadai chumvi.