Mieleka ya Asani na Zéphirin

Mwaka wa hamsini na nne nilipanda kamio, lori la chumvi, kutoka Kasongo kwenda Kabambare. Juu ya magunia, mama mmoja alikuwa akimsimulia mzee wa mabega mapana jinsi baba yake, Asani, alivyomwangusha Zéphirin wa Kasongo kwenye sikukuu ya pamba, baada ya miaka mingi ya kushindana.

“Hakumuangusha,” mzee alimkatiza. “Mvua ilinyesha. Zéphirin aliteleza.”

“Baba, mutu anateleza na mabega yote mbili chini? Alibebwa juu kama mutoto!”

“Aliteleza!”

Walibishana hivyo mlima mzima, ungedhani mieleka ilikuwa jana. Sisi abiria wengine tuligawanyika, ingawa hakuna aliyekuwepo siku ile.

“Hata sasa, pale kitandani, baba yangu anasema alimuangusha,” mama alisema.

Mzee alishusha sauti. “Hawezi kusimama?”

“Tangu masika. Na chakula anakataa. Weye unamujua?”

“Mimi ni Zéphirin. Niko naenda kumuona.”

Mama alisogeza mzigo wake ili mzee anyooshe miguu, na tuliposimama Kabambare akamshika mkono kumsaidia kushuka.

“Baba, nakuomba, usibishane naye. Mukubalie tu.”

“Nitabishana,” Zéphirin alisema, machozi yakimlengalenga. “Nikimukubalia leo, atajua nimekuja kumuaga.”