Bwana Ewesit Lopeyok na Kiamhari cha Kando ya Barabara

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Bwana Ewesit Lopeyok anastaafu baada ya kuwatumikia watu wa Isiolo kwa miaka ishirini na tisa. Alianza akiwa dereva wa lori la maji enzi za baraza la mji, akipeleka maji Wabera na Kiwanjani kila mifereji ilipokauka. Kikosi cha zimamoto kilipoundwa, aliomba ahamishiwe huko, na hajatoka tena.

Moto aliouzima ni mwingi. Ila ukiuliza hapa kituoni Bwana Ewesit ni nani, habari ya kwanza utakayopewa ni ya Kiamhari.

Chanzo chake kilikuwa kifo. Miaka mingi iliyopita, lori la kutoka Ethiopia lilipinduka katika barabara ya Moyale. Ewesit aliketi kwenye lami, kichwa cha dereva kikiwa mapajani mwake, wakisubiri gari la wagonjwa. Yule mtu alizungumza muda wote, kwa sauti ya utulivu, amemshika mkono. Ewesit anajua Kiturkana, Kiswahili, Kiborana cha sokoni na Kimeru cha kutosha kununulia viazi. Hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Alichoweza ni kuitikia tu, "Ndiyo. Ndiyo, ndugu." Gari la wagonjwa lilipofika, dereva alikuwa amekwisha kukata roho.

Neno moja lilibaki masikioni mwake kwa sababu lilirudiwarudiwa: *ihite*. Alilipeleka kwa Zenebech, mama wa Kiethiopia anayeuza kahawa pale malori yanapoegeshwa. Zenebech aliweka birika chini.

"Ni 'dada yangu'," akamwambia. "Alikuwa anaongea na dada yake."

"Na mimi nilikuwa namjibu ndiyo."

Akamwomba amfundishe. Zenebech akacheka, akasema yeye ni wa kahawa, si mwalimu, lakini kiti kipo. Ewesit akaketi.

Hakwenda darasa lolote. Aliwaomba madereva waseme maneno kwenye simu yake, kisha akayasikiliza akiosha gari la zimamoto, akiyarudia kwa sauti hadi majirani wakadhani ananena kwa lugha. Herufi za Kiamhari, ambazo zinapita mia mbili, alizifukuzia kwenye maturubai na milango ya malori. Alipata Agano Jipya la Kiamhari, akalisoma huku lile la Kiswahili likiwa wazi kando yake, mstari kwa mstari.

Makosa hayakukosa. Jumatano moja alimpelekea Zenebech nyama ya mbuzi, zawadi ya Mturkana kwa mtu anayemheshimu, asijue kwamba Jumatano kwake ni siku ya kufunga nyama na maziwa. Siku nyingine alimtia moyo dereva mwenye ndevu hadi kifuani kwa neno wanaloambiwa wanawake pekee. Kibanda kizima kilimcheka, na dereva akamlipia kahawa. Ewesit alirudi kituoni akasema kwamba kitabu kinakupa maneno, lakini watu ndio wanakuonyesha mahali pa kuyaweka.

Sasa tuje kwenye siku ambayo sisi tuliokuwepo hatutaisahau.

Ilikuwa Machi mwaka juzi, mchana wa jua kali. Lori la Ethiopia lilikuwa limelala ubavu nje kidogo ya mji. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa gari la zimamoto. Tulipofika, moto ulikuwa umeshika injini na moshi mweusi unaingia kwenye kichwa cha lori. Dereva alikuwa amebanwa miguu humo ndani. Mzigo ulifunikwa turubai, na maandishi yoyote ya onyo yalikuwa yamelaliwa upande wa lami. Watu wa Kiwanjani walikuwa wanakuja mbio na mitungi ya maji.

Dereva alikuwa anapiga kelele: "*Wuha! Wuha!*"

Neno hilo Isiolo tunalijua. Madereva wao huomba maji kila siku.

"Anataka maji, mkuu!" akasema Wato, aliyeshika mpira. Mkuu wetu wa kikosi, Bwana Ntongai, akainua mkono kutoa amri.

"Ngoja!" Ewesit akamshika Wato kifundo cha mkono. "Hajamaliza. Anasema *wuha atafsisu*. Msimwage maji!"

"Mtu anaungua, Ewesit," Ntongai akasema. "Una uhakika?"

Ewesit akautazama moto.

"Uhakika wote sina, mkuu. Niache nimuulize."

Hapo Bwana Ntongai alifanya uamuzi wake, na anastahili sifa. Aliteremsha mkono polepole na kusema, "Nenda. Haraka."

Ewesit alitambaa hadi kwenye kioo kilichovunjika, moto ukiwa karibu naye kiasi kwamba koti lake lilianza kutoa moshi. Nyuma yetu watu walipandwa na hasira. Mama mmoja, Falis, alikuwa na mtungi begani na machozi machoni. "Mnamwangalia tu aungue na maji mnayo!" Alitaka kupita. Ilibidi tushikane mikono kuwazuia.

Tulimsikia Ewesit akimwita dereva *wendime*, ndugu yangu. Akamuuliza maneno kadhaa. Mwisho tukasikia moja tunalolijua wote: kabaidi. Ni yale mawe ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakiguswa na maji hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na moto hulipuka.

Dereva hakujibu kwa neno. Alivuta pumzi ghafla kwa kinywa, kama mtu aliyechomwa na mwiba, kisha akavuta tena.

"Anakata roho!" Wato akapaza sauti.

"Hakati roho!" Ewesit akajibu bila kugeuka. "Hiyo ni ndiyo yao. Wanaitikia hivyo. Ni kabaidi, mkuu! Lori zima!"

Aliizoea sauti ile kwa kukaa miaka kibandani kwa Zenebech, ambako kuitikia hakufundishwi, husikika tu hadi ukazoea.

Ntongai akauweka mpira kando kwa mkono wake mwenyewe. Tukamwagia moto unga wa kuzimia na mchanga, mchanga tukiuchota kando ya barabara kwa sepetu, kwa makarai, kwa kofia. Falis alimwaga maji yake mbali nasi, akajaza mtungi mchanga kwa viganja, wengine wakamfuata. Ewesit hakutoka pale kwenye kioo. Alizungumza na dereva bila kukoma hadi tulipokata chuma na kumtoa.

Turubai lilipofunuliwa, mapipa mawili yalikuwa yamepasuka na mawe ya kijivu yamemwagika hadi karibu na magurudumu yetu. Ewesit aliketi kwenye ngazi ya gari, akashindwa kufungua chupa ya maji ya kunywa. Wato alimfungulia.

"Ningekuwa nimesikia vibaya," akasema, "ningekuwa nimemchoma mtu kwa Kiamhari changu."

Dereva anaitwa Getnet. Alipoteza mguu wa kushoto, na haendeshi tena. Siku hizi ana duka la matairi kwao Hawassa, na humpigia Ewesit simu kila Jumapili. Hapa kituoni, tangu siku hiyo, hakuna mpira unaofunguliwa kabla mzigo haujajulikana, na Wato ameanza kukaa kwa Zenebech jioni, japo bado anashindwa na herufi.

Septemba hii, Bwana Ewesit na mkewe, Mama Apua, watavuka Moyale kwenda kusherehekea mwaka mpya wa Waethiopia nyumbani kwa Getnet. Hajawahi kukanyaga nchi hiyo. Ametuambia wazi kwamba anaogopa: hapa akikosea anachekwa akiwa kwao, kule atakuwa mgeni.

Mzee wetu, asante kwa miaka uliyotupa na kwa watu ambao wangali hai kwa sababu yako. Usiogope. Huko Hawassa watu watazungumza nawe asubuhi hadi jioni, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amebanwa chini ya chuma. Wasikilize bila haraka. Mungu akupe siku nyingi za kuwasikiliza.

Kagwiria Mwongera, kwa niaba ya wenzako wote wa kikosi