Nobuyoshi Hirata, Mtu wa Ziwa Mbili

Watu wa Mungu muliotoka Columbus na Buffalo, na ninyi majirani wa hapa Newburg, mimi Mama Adolphine, shangazi ya mjane Nzigire, familia imenituma niwasomee maisha ya mkwe wetu.

Marehemu Nobuyoshi Hirata, tuliyemwita Nobu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika jimbo la Shimane, Japani, kando ya Ziwa Shinji, mtoto wa mvuvi wa kome, na nilipouliza kome ni nini akanionyesha kwa simu kitu cheusi, kidogo kama kifungo cha koti. Alisoma ufundi katika mji wa Matsue, akamaliza mwaka 1969, akawa fundi wa mashine, na mwaka 1988 kiwanda kikamleta Kentucky, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, na sababu hakuna mtu anaijua, hata mimi, na nilijaribu.

Mwaka 2012, kiwandani, saa ya kula, Nzigire wetu alifungua sambaza za Kivu, wengine wakaziba pua, bon, Nobu akasogeza kiti, akaomba moja, akala na kichwa, akasema ziwa la kwao pia lina samaki wadogo hivyo. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2014, na ninyi muliosema ni ndoa ya makaratasi, munajijua, mumekaa mstari wa tatu. Aliacha mtoto mmoja, Séphora, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2016, na Précieux, mtoto wa Nzigire aliyemkuta akamlea, ule anayetutumia sambaza kutoka Grant Street, Buffalo.

Ugonjwa wa mapafu ulianza Oktoba 2024, akafariki nyumbani Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, na hapo vita ikaanza, dada yake Kazue anataka achomwe, mifupa irudi Shimane kwa kaburi ya wazazi, mdogo wangu Bagula wa Columbus anaapa hatakuja kuona mkwe anachomwa kama kuni, na Nzigire katikati. Ijumaa wakaonana kwa simu, Séphora anatafsiri, na Kazue akaeleza kwamba kwao walio hai ndio wanaosha kaburi na kulimwagia maji, lakini magoti yake hayapandi tena kilima, donc huko Amerika nani atamwagia Nobu maji? Nzigire akajibu, mimi, hata kwa theluji. Mama ule akainama tukaona nywele zake nyeupe tu, akasema azikwe hapa, akaomba atumiwe nywele kidogo za kaka yake na kucha aziweke kwa kaburi ya wazazi, basi. Bagula, karibu, tunakuona.

Tunashukuru madaktari na wauguzi, majirani muliopika, wenzake wa kiwanda, hata mstari wa tatu muliobeba viti. Tukifika makaburini, mukiona Nzigire anamwaga maji, musinong'one, nimekwisha kunong'ona kwa niaba ya wote.

Pumzika kwa amani, mkwe wetu, maji utapata.