Chai Baada ya Kuogelea

Ndani ya basi la kwenda Salthill, ufukweni mwa Galway, Jumamosi asubuhi, bibi mmoja mbele yangu alimuuliza binti aliyeketi kando yake anachekea nini.

"Naenda kukutana na mwanamume, bibi. Mara yetu ya kwanza! Tutaogelea baharini, halafu tunywe chai. Pombe sigusi."

"Chai?" Bibi akamtazama tumboni. "Una mimba?" Hapa Galway ukikataa bia, swali hilo halikosi.

"Sina! Ila yule wa mwisho nilimpenda nikiwa nimelewa. Pombe ilipoisha kichwani, na yeye akaisha."

"Mwanangu, bila bia tatu mimi nisingemkubali marehemu mume wangu Fintan."

"Ulijuta?"

"Kila Jumatatu." Abiria wote tukageukia madirisha ghafla. "Lakini ujasiri utautoa wapi?"

"Ninao, bibi. Tele!"

Basi likasimama. Nje, kijana mrefu mwenye taulo shingoni akapunga mkono. Binti akaiva uso mpaka masikioni, akajikwaa mlangoni, akashuka mbio bila kumwambia dereva asante, jambo ambalo huku hata mlevi halisahau.

Bibi akanigeukia, macho yamemtoka. "Na hapo hata chai hajaionja!"