Orrin Gerhard Tvedt, Mtunza Kurasa Zilizokatwa (1949–2024)

Krrp, krrp, kisha kimya. Katika sauti zote za utoto wao, hiyo ndiyo ambayo Lavonne, dada wa marehemu, anaikumbuka zaidi: mkasi mkubwa wa mama yao, ule wa kukatia vitambaa, ukipita kwenye karatasi ambako haukuruhusiwa kabisa kupita.

"Nani anakata karatasi kwa mkasi wangu?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Si karatasi, mama," Orrin alijibu. "Ni kuponi."

Orrin Gerhard Tvedt alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika shamba la wazazi wake, Gerhard na Alma Tvedt, kaskazini mwa mji wa Wexley, Iowa. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hili hili tulimoketi. Kuponi ile, fomu ndogo ya kujaza jina na kuagizia bidhaa kwa posta, aliikata mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka kumi, kwenye jalada la nyuma la kitabu cha katuni. Tangazo liliahidi nyambizi ya watu wawili, na picha yake ilionyesha watoto wakitabasamu chini ya bahari, samaki wakiwachungulia dirishani. Waliotangaza waliomba subira ya wiki nne mpaka sita. Orrin alisubiri kando ya barabara, kwenye sanduku la barua, kila siku baada ya shule. Kilichofika kilikuwa boksi la karatasi ngumu, limekunjwa, lenye dirisha la kuchorwa. Yeye na Lavonne walilisimamisha ghalani, wakaingia, wakasafiri mpaka mvua ilipopenya paa na kulilainisha likawa uji.

Wanaume wa ghala la nafaka mjini walicheka, na hawakuacha. Kijana alishabalehe, sauti imekuwa nzito, na bado anasalimiwa, "Kapteni, bahari ya Iowa imechafuka leo?" Familia inaomba kusema wazi mbele ya jeneza hili: ilikuwa aibu, na aibu hiyo haikuwa ya mtoto. Watu wazima walimfanya mwenzao kichekesho kwa sababu aliwahi kuamini kitu. Kila walipomwambia kwamba alitapeliwa, Orrin aliwaka. "Najua nilitapeliwa," alikuwa akisema. "Lakini yule shujaa wa ndani ya kitabu, anayeruka juu ya majumba, hakuwahi kuniuliza jina langu. Kuponi iliniuliza. Iliniachia mstari wa kuliandika."

Alisoma Wexley tangu darasa la kwanza hadi alipohitimu sekondari mwezi Mei 1967. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Mwalimu wake wa darasa la sita, Bi Amundson, alimnyang'anya kitabu cha katuni katikati ya somo la hesabu, na darasa zima likamsikia Orrin akimfuata mpaka mezani.

"Nirudishie ukurasa wa mwisho tu, mwalimu. Hadithi baki nayo."

"Ukurasa wa mwisho una nini?"

"Miwani ya kuona kupitia ukuta."

"Utaona nini ng'ambo ya ukuta huu, Orrin?"

"Wewe ukisoma kitabu changu, mwalimu."

Aliadhibiwa kwa jibu hilo. Hata hivyo Bi Amundson alimpa ukurasa wake.

Baada ya miaka miwili jeshini, aliyoitumikia katika ofisi ya barua ya kambi moja huko Ujerumani, alirudi nyumbani na mwaka 1971 akaajiriwa na posta ya Wexley. Alipeleka barua katika mji huu mpaka alipostaafu mwaka 2009. Wengi wenu mnaijua desturi yake. Kifurushi chenye jina la mtoto hakukiacha barazani wala hakukikabidhi kwa mkubwa. Alibisha hodi, akavua kofia, akauliza kama mwenye mzigo yupo.

"Nipe mimi, ni mwanangu," mama mmoja alimwambia, mikono yake ikiwa na unga.

"Nakufahamu, mama. Lakini hapa pameandikwa Peggy. Wewe ni Peggy?"

"Peggy ana miaka saba, Orrin, na yumo bafuni!"

"Basi nitangoja atoke."

Alilalamikiwa kwa wakuu wake kwa kuchelewesha njia. Aliwajibu kwamba mtoto amesubiri wiki sita, na mji unaweza kusubiri dakika tano. Peggy yupo nasi leo kanisani, na bado analikumbuka taulo lake.

Tarehe 16 Juni 1973 alimwoa Marlys Engebretson. Walikutana kwenye mnada wa vitu vya zamani, mbele ya meza ya muuza katuni. Muuzaji alikuwa akifanya wanavyofanya wenzake wote: anafungua kila kitabu, anahesabu kurasa, na akikuta kuponi imekatwa anakitupa kwenye boksi la chini ya meza.

"Hiki kimetobolewa. Takataka," alisema.

Orrin alikuwa amepiga magoti kwenye boksi hilo. "Takataka ni wewe, bwana," alisema bila kuinua kichwa. "Vile vizima vyako havikugusa moyo wa mtu. Hiki hapa, mtoto alikipenda mpaka akakikata."

Marlys alimwambia dada yake siku hiyo kwamba ameona mwanamume anayegombana akiwa amepiga magoti. Alipomchumbia, Marlys alimjibu kwa uso mkavu, "Tafadhali subiri wiki nne mpaka sita." Alimkubalia katika wiki ya tano. Walijaliwa mtoto mmoja, Kirsten.

Kwa miaka hamsini Orrin alikusanya vitabu vilivyotobolewa, hivyo tu. Wakusanyaji wengine walimwona kichaa. Wao hufungia vitabu vyao ndani ya plastiki ngumu iliyopigwa muhuri, visifunguliwe tena na mtu yeyote. Jambo hilo lilimkera mpaka Marlys akakataza lisizungumzwe mezani. Walipoanza kuchapisha upya katuni za zamani katika majalada ya kifahari, na kuyaondoa matangazo yote kana kwamba ni uchafu, Orrin alikirudisha dukani kimoja alichokuwa amenunuliwa na mkwewe. Alimuuliza msichana wa kaunta, ambaye hakuwa na kosa lolote, kwa nini nyumba imeuzwa bila mlango.

Februari 2023 moyo wake ulianza kushindwa kazi, na maji yakajaa mapafuni. Alipojua kwamba hatapona, alikuwa na ombi moja tu: mji uvione vitabu vyake angali hai, kila kimoja kikiwa wazi kwenye ukurasa uliokatwa, ili watu waone kwamba hakuwa peke yake. Mwezi Mei aliviazimisha kwa makumbusho ya mji. Mwenyekiti, Bwana Wendell Haugen, aliyaona matundu na kudhani kwamba marehemu anayaonea haya. Alimwita Darlene Fjelstad, mshonaji wetu wa mablanketi ya viraka, mwanamke ambaye hajawahi kuona tundu akaliacha. Kiangazi chote Darlene alitafuta nakala za kuponi, akazikata kwa wembe, akazibandika kuziba matundu. Aliviziba vyote.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi, tarehe 14 Oktoba. Kirsten alimsukuma baba yake katika kiti cha magurudumu mpaka kwenye kioo cha kwanza.

"Tundu liko wapi?" Orrin aliuliza.

"Tumeziba!" Wendell alisema kwa furaha. "Huwezi hata kuona palipoungwa. Darlene ana mikono ya malaika."

"Nimeuliza tundu liko wapi."

"Mzee, sasa vina thamani. Vilikuwa vimeharibika."

"Nani kakwambia vimeharibika? Hapo palikuwa na mtoto, Wendell! Alikaa mezani, akaandika jina lake, akakata, akangoja. Mmemfuta mtoto, mkabandika fotokopi!"

Biskuti zilisimama midomoni. Darlene, aliyekuwa ameshika sinia, alisema, "Nilidhani nakupa zawadi, Orrin."

"Zawadi! Nimelinda matundu miaka hamsini, wewe unayajazia gundi!"

"Gundi gani?" Marlys aliuliza. Yeye peke yake hakuwa amepandisha sauti.

"Unga wa ngano na maji. Kama ya bibi yangu."

"Basi birika litatosha," Marlys alisema.

Halmashauri ya makumbusho ilikataa viraka vibanduliwe. Ilisema vitu vilivyoazimwa visiguswe mpaka maonyesho yafungwe mwezi Aprili. Kila mtu mjini alijua kwamba Orrin hana Aprili. Walijua, wakapiga kura, wakaenda kula chakula cha mchana. Familia haijalisahau jambo hilo, na haikusudii kulisahau kwa sababu ya maua waliyoleta leo, ingawa ni mazuri.

Darlene alikuwa na ufunguo. Kila Alhamisi alivitoa vitabu vichache, akavitia katika mfuko wake wa vitambaa, akaenda navyo kwa Marlys. "Wakitaka kunifukuza, wanifukuze," alisema. "Aliyeziba ni mimi." Waliviinamisha juu ya mvuke wa birika, Orrin akisimamia kutoka kitini mwake kama nahodha mwenye hasira. "Polepole, mama we! Huo si ukuta unaobandua!" Hakuwahi kumshukuru. Lakini siku za Alhamisi alinyoa ndevu.

Orrin alifariki nyumbani Jumanne asubuhi, tarehe 16 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka 74. Kitabu cha mwisho Darlene alikibandua siku iliyofuata. Hatujui kilikuwa cha mtoto gani, wala aliagiza nini. Kiko ukumbini chini, karibu na kahawa, wazi kwenye tundu lake. Tunaomba wenye siagi vidoleni wakitazame kwa mbali.

Ameacha mjane, Marlys. Binti yake Kirsten na mume wake, Dale. Wajukuu Annika na Soren. Na dada yake, Lavonne Bakke. Wazazi wake walimtangulia. Mungu ampokee, akamlaze mahali ambapo hakuna atakayemcheka.

Yamebaki maneno yake ya mwisho kwa mtu asiye wa nyumba yake. Jumapili alasiri, siku mbili kabla ya kifo chake, Darlene alikuja kumuaga, vidole vyake vikiwa vyekundu kwa mvuke. Alikaa kando ya kitanda, mfuko wa vitambaa miguuni.

"Orrin," alisema, "umenisamehe?"

Orrin aliutazama ule mfuko. Marlys ilibidi ainame ili asikie.

"Bado kimoja," alisema.