Papa Urbain Kisimba, Mushushaji wa Amianti, Aliyejifulia Nguo Mwenyewe

Papa Urbain Kisimba wa Mwamba wa Kasele: mwana wa Mwamba aliyepanga matofali ya misioni kule mlimani Marungu, mjukuu wa Kasele aliyewapitisha watu katika njia za Kirungu mvua ikinyesha na asimpoteze hata mmoja, yeye mwenyewe fundi wa paa, mushushaji wa mabamba ya amianti elfu mbili mia moja na arobaini kutoka juu ya nyumba za zamani za mji huu, na hakuna hata moja alilolitupa chini. Mume wa mke mmoja. Neno hilo la mwisho mjane wake, Mama Célestine, ameomba lisomwe mara mbili. Mume wa mke mmoja.

Papa Urbain alizaliwa Kirungu tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa Papa Mwamba na Mama Elisabeth Kilumba. Alipotoka tumboni hakulia. Mkunga alimpulizia puani mara mbili, ndipo akapiga kelele iliyosikika hadi kwenye mashamba ya maharagwe. Mama Elisabeth aliisimulia habari hiyo kila mgeni alipoingia, na mkwe wake Célestine aliisikiliza kwa moyo mzito kidogo, kwa maana kulikuwa na miaka ishirini na tano ya mtu huyu ambayo wengine waliiona na yeye hakuiona.

Alisoma shule ya msingi ya misioni Kirungu tangu 1938 hadi 1944, kisha akakaa miaka mitatu katika karakana ya useremala ya mapadri. Huko alijifunza kupanda juu bila kutazama chini. Januari 1950 alishuka ziwani akapanda meli kuja hapa Kalemie, mji ukiitwa bado Albertville, akaandikwa kazi katika kampuni moja ya ujenzi.

Wakati ule maghala, shule, dispensari na nyumba za wakubwa ziliezekwa kwa mabamba yale ya amianti, au asbesto, ya kijivu yenye mawimbi. Yalisifiwa kwamba hayaungui wala hayaozi, na kweli hayaungui wala hayaozi. Papa Urbain na wenzake waliyakata kwa msumeno juani, vumbi likawakalia kwenye nyusi jeupe kama unga wa muhogo, nao walicheka na kuitana wazee. Hakuna aliyewaambia kitu. Mwaka wa 1965 alifanywa kapita, yaani msimamizi, wa watu wa paa. Mwaka wa 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa, kwenye biro za serikali akawa Citoyen, yaani raia, Kisimba. Nyumbani alibaki Urbain, kwa sababu jina lile Mama Célestine alikuwa amelizoea na hakuona ni kwa nini serikali imnyang'anye.

Alifunga ndoa tarehe 21 Julai 1956 na Célestine Ngoie, binti wa mpiga kasia wa Ankoro. Wakazaa watoto sita, wanne wapo, na kwa jina la binti yao Denise wakaitana Papa Denise na Mama Denise. Walikaa mtaa wa Lubuye. Kila jioni bibi yake alimngoja mlangoni, akampokea shati la kazi, akalikung'uta ukutani mara tatu mbele ya majirani, halafu suruali. Hapo Lubuye ilijulikana: mwanaume anayependwa nguo zake hupokelewa hivyo. Shemeji alipotaka kusaidia, aliambiwa akae. Mabinti walipokua, waliambiwa wafue za kwao. Nguo za Papa Urbain zilikuwa za Mama Célestine, vumbi lake pamoja, naye alizilinda miaka ishirini na tatu.

Kisha Februari 1979 mume akaanza kurudi akiwa safi. Amekwisha kuoga, kichwa kina maji, amevaa shati la kupumzikia.

– Papa Denise, nguo za kazi ziko wapi?

– Zimebaki kwenye shantiye, kule kazini.

– Nani anazifula?

– Mimi mwenyewe.

Mama Célestine alimtazama kama mtu anayeambiwa kwamba ziwa limehamia Kongolo. Mwanaume gani wa Kalemie anajifulia nguo hali bibi yake ni mzima na ana mikono miwili? Alikaa na neno hilo siku tatu, akalipeleka kwa jirani yake Mama Bertille. Mama Bertille hakuhitaji siku tatu.

– Mama, usijidanganye. Bwana yako amepata biro ya pili. Kule njo anaoga, kule njo anafuliwa. Kwako anakuja kulala tu, kama muntu wa hoteli.

Biro ya pili, kwa wasioishi miaka ile, ndivyo tulivyomwita mwanamke wa nje.

Mama Célestine alinusa shati: sabuni. Akanusa shingo: sabuni ileile. Akauliza sokoni nani anauza sabuni ya namna hiyo, akaambiwa kila mtu. Akaacha kumwekea samaki mkubwa. Papa Urbain alikula mdogo, akashukuru, na ile shukrani ilimuudhi kuliko yote. Miezi ikapita hivyo. Hatimaye akajua kwamba watu wa paa wanabomoa ghala la zamani karibu na mto Lukuga, na kwamba nyuma ya ghala anakaa mjane mmoja mwenye kisima, Florentine, anayewapikia wafanyakazi bukari, yaani ugali.

Alhamisi tarehe 18 Oktoba 1979, saa tisa mchana, alivaa kitenge chake cha ndoa za watu, akachukua mwavuli ingawa hapakuwa na wingu, akaenda.

– Bwana yangu iko wapi? aliuliza mlangoni, bila hodi.

Mama Florentine alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Hakuinua hata macho.

– Bwana yako njo nani? Hapa wanapita tano.

– Kisimba.

– Ah. Iko nyuma ya nyumba, anaoga.

Mwavuli ulianguka. Mama Célestine alizunguka nyumba kwa hatua ambazo hajawahi kuzipiga tena. Nyuma alimkuta mumewe, kapita wa watu wa paa, baba wa watoto, katika nusu ya pipa la mafuta, amevaa kaputula ya ndani, anakanyaga nguo zake za kazi kwa miguu kama anayekanyaga udongo wa matofali. Wanaume wanne wengine walisimama mstari, kila mmoja akingoja zamu yake, kila mmoja na kipande cha sabuni.

– Mama Denise! Papa Urbain alipiga kelele. Simama pale! Usikaribie!

– Hata kukukaribia nimekatazwa? Eh? Mbele ya huyu mwanamuke?

– Simama, nakuomba. Nguo bado hazijaisha.

Wale wanne wakaangalia mbinguni. Papa Urbain alimaliza kukanyaga, akasuuza, akayapeleka maji mbali na kisima, katika shimo lilelile walimokuwa wanazika mabamba, akajimwagia ndoo mbili kichwani, akavaa. Ndipo akaja akakaa chini mbele yake na kumweleza.

Rafiki yake Anatole, waliyeanza naye kukata mabamba mwaka uleule, alikuwa amepelekwa Lubumbashi mwezi wa Januari kwa ajili ya kifua. Daktari alimpiga picha, akauliza kazi yake, kisha akaandika karatasi ya kuwarudishia wenzake. Amianti ina nyuzi nyembamba ambazo jicho halizioni. Bamba likikatwa, likivunjwa au likisuguliwa, nyuzi zinapanda hewani, mtu anazivuta, nazo hazitoki tena. Zinakaa kifuani miaka ishirini, thelathini, na mtu anajiona mzima. Na chini ya karatasi, neno moja zaidi: wanaokung'uta nguo za wafanyakazi wanavuta vilevile.

– Karatasi iko wapi? aliuliza Mama Célestine.

– Iko hapa mufukoni, tangu mwezi wa pili.

– Na hukuniambia.

– Ningekuambia nini? Kwamba miaka ishirini na tatu nilikuletea sumu mulangoni, na wewe ukaipokea kwa mikono miwili? Niliogopa. Niliona bora unikasirikie kwa mwanamuke.

Mama Célestine aligeuza kichwa kuelekea nyumba.

– Na huyu, alijua?

– Alijua. Maji ni yake.

– Miezi nane?

– Miezi nane.

Hilo ndilo lililomchoma. Vumbi angeweza kulielewa, hata kifo. Lakini siri ya kifua chake mwenyewe ilikaa miezi nane kwa mwanamke mwingine, ikiwekwa pamoja na sufuria za bukari. Mama Florentine, aliyekuwa amekuja kusimama kwenye pembe ya nyumba na ndagala zake mkononi, akasema:

– Mama, kama ni wivu, kisima njo kile. Chukua ndoo. Mimi nimechoka kutekea wanaume wa wenyewe.

Mama Célestine alichukua ndoo. Aliichukua siku hiyo na siku zote za shantiye zilizofuata, na alikuwa wa kwanza kufika ili mwingine asifike. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi ya mumewe, nayo inaandikwa hapa kwa sababu wengi wanaosimama kwenye kaburi hili wanalala chini ya mabamba hayo. Bamba zima, lisilopasuka, lisilosumbuliwa, liache mahali pake. Usilitoboe, usilisugue kwa brashi, lipake rangi. Likilazimika kutoka, lilowanishwe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, na lilowanishwe tena. Parafujo zifunguliwe, nyundo ikae chini. Bamba lishuke kwa kamba, zima, mikononi mwa watu wawili. Hakuna kufagia kukavu. Lifungwe katika plastiki mara mbili, lizikwe shimo refu mbali na kisima na bustani, na alama iwekwe. Kitambaa puani hakizuii nyuzi; maski za kweli Papa Urbain alipata mbili tu, kwa mabaharia wa Kigoma, akawapa waliokuwa juu. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Na wale wanaookota vipande kujengea vibanda vya kuku, kama Mama Bertille alivyofanya, wajue kwamba Papa Urbain alikibomoa kibanda kile mwenyewe, kikiwa kimelowa, na kuku wakalala jikoni wiki nzima.

Mwaka wa 1982, Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, mkubwa wa mtaa alileta watu sitini na nyundo kuangusha paa la shule ya zamani ili kazi iishe kabla ya saa sita. Papa Urbain alipanda juu, akakaa kwenye mgongo wa paa.

– Citoyen Kisimba, shuka!

– Nitashuka na bamba la mwisho. Lete mapipa ya maji.

– Unapinga salongo?

– Sipingi. Nimefika mbele yako, na niko juu yako.

Watu walicheka hadi mkubwa akacheka. Mapipa yakaja. Kazi ilichukua Jumamosi nne.

Mwaka wa 1987 pumzi ilianza kumpungukia kwenye ngazi, kisha kwenye njia ya kanisa, kisha kitandani. Januari 1988 walipigwa picha wote wawili. Yake ilionyesha mapafu yaliyokuwa magumu kama ngozi ya ngoma. Ya Mama Célestine ilionyesha mstari mdogo upande wa kushoto. Daktari alisema ungojwe. Unangojwa. Siku ile njiani alimwambia mumewe: "Hilo vumbi ulianza nalo 1950, mimi ukanioa 1956. Njo bibi mukubwa, na sikuambiwa." Papa Urbain alicheka, akakohoa, akakaa chini kando ya njia mpaka pumzi irudi. Alifariki nyumbani Lubuye, Alhamisi tarehe 9 Agosti 1990, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa bibi yake, na wa mtu mwingine yeyote haukuwamo.

Ameacha mjane, Mama Célestine Ngoie. Watoto wanne, Denise, Évariste, Viviane na Néhémie. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada yake Agnès wa Kirungu. Mama Florentine si wa familia. Tangu kilio kianze amekaa mkekani mbele kabisa, akilia kuliko inavyotakiwa kwa jirani wa kisima. Jina lake limewekwa hapa kwa amri ya marehemu.

Mungu ampumzishe mahali penye hewa safi, na pumzi yake isimsumbue tena.

Neno linalobaki ni lake. Jumanne tarehe 7 Agosti aliwaita wote wawili, Mama Célestine na Mama Florentine, wakakaa pande mbili za kitanda. Paa la dispensari ya zamani linashushwa kuanzia Jumatatu tarehe 3 Septemba, na watu kumi na wanne wameandikwa.

– Mama Denise, alisema, uende kwa bibi zao wote kumi na wanne. Waambie ulivyofanya mulangoni, na kilichoko katika picha yako.

– Nitaenda.

– Uende na Florentine.

– Mimi peke yangu natosha.

– Wewe utawatisha, watafunga mulango. Yeye atawachekesha, watasahau. Mukiwa wawili watasikia.

Mama Célestine aliangalia ukuta. Mama Florentine aliangalia ukuta mwingine. Papa Urbain alingoja pumzi, ikachelewa, ikaja.

– Muanze na nyumba ya kapita mupya, akasema. Bibi yake iko na mimba, na njo anafula nguo za kazi. Musingoje kilio changu kiishe. Muende kesho.