Upande wa Mbuyi

KISIMBA: Haloo? Haloo! Ni nani huyu?

BADIBANGA: Haloo! Niko kwa tata Kisimba? Kisimba wa Manika, ajusteur, fundi wa byuma?

KISIMBA: Ndiyo, njo mi. Ongea na nguvu, réseau ya simu iko mubaya. Ni nani?

BADIBANGA: Unauliza ni nani? Mutu alikunyang'anya nyundo siku yako ya kwanza mu atelier ya kampuni, akakuambia urudie kwa mama yako, unamusahau?

KISIMBA: ...Chef?

BADIBANGA: Mi Badibanga. Niko Mwene-Ditu, huku Kasai.

KISIMBA: Chef Badibanga! Eh, Mungu wangu! Eh! Huku Kolwezi balituambia kama ulikufa mu njia—

BADIBANGA: Balidanganya kiloko. Jambo, petit.

KISIMBA: Jambo sana, chef. Jambo sana! Na bibi yako, mama Kanku?

BADIBANGA: Iko hapa pembeni. Miguu inamusumbua, kinywa haimusumbue hata kiloko.

KISIMBA: [anacheka] Njo yeye kabisa.

BADIBANGA: Na wako, mama Henriette?

KISIMBA: Anakusalimia— ao, hayuko, ameenda ku mazoezi ya kwaya. Lakini nikimuambia atakusalimia. Chef, miaka ngapi?

BADIBANGA: Kumi na tatu. Tangu ile mwaka mulitufukuza sisi batu ya Kasai, mukaandika ku bikuta "Bakasai barudie kwabo".

KISIMBA: Haina mi niliandika, chef.

BADIBANGA: Sikusema we. Nasema Kolwezi... [mkwaruzo] ...haloo?

KISIMBA: Niko. Nakusikia.

BADIBANGA: Sikia, hii simu ni ya mutu, na unité ya kuongea haiko mingi. Unajua Musafiri? Ule mufanyabiashara anapandishaka mahindi ku train?

KISIMBA: Musafiri wa kofia! Mwezi imepita alikuwa hapa. Njo alikupatia namba?

BADIBANGA: Njo yeye. Tena akanielezea kintu. Akasema kule Manika kuko muzee moja, kila Jumapili, siku ya Mungu, kisha misa, anawasha kamashini ya mvuke, kadogo, sawa kichwa ya train, mu kiwanja ya parcelle yake. Kamashini kanatembea na magurudumu ya meno. Batoto ya avenue yote banajaa pale. Ni ile yangu nilikuachia, Kisimba?

KISIMBA: Iko, chef. Iko muzima. Uliniambia niichunge, nimeichunga.

BADIBANGA: Kumbe iko... Kanku! Kanku, iko! Kamashini iko! [sauti ya mwanamke, mbali] Mama Kanku anashukuru Mungu hapa, umusamehe. Ngoja aketi.

KISIMBA: Chef, hata sasa hivi kuko mvuke kiloko ndani. Batoto ndio banatoka hivi. Unataka kusikia?

BADIBANGA: Unauliza?

KISIMBA: Ngoja niinamishe simu. [vishindo, kisha filimbi nyembamba, inakatika, inarudi] Ulisikia?

BADIBANGA: Ile filimbi nilitoboa mu ganda ya shaba ya risasi, mu veranda, Kanku ananitukana juu ya makelele. Eh, petit. Inapanda ile mbao tulikuwa tunaijaribia?

KISIMBA: Inapanda! Mi niliinua mbao mpaka kimo cha kiti. Chef, mashini ingine ingeteleza irudi nyuma. Ile inashika tu, jino ku jino, magurudumu yote. Inapiga kelele sawa inakimbia, kumbe inatembea sawa mama wa mimba ya miezi tisa.

BADIBANGA: [anacheka sana] Njo vile! Njo vile nilitaka! Batu balikuwa bananicheka: Badibanga, tengeneza ya mbio. Nikabaambia, ya mbio ni ya baboss. Hii ni ya kazi. Na silindri? Zote tatu?

KISIMBA: Zote tatu. Ile ya katikati ilinipa mateso, lakini ni makosa yangu. Kampuni ilianguka, magasin ya bintu ikabakia na panya tu, mafuta ya mvuke hakuna. Nikatia mafuta ya mawese.

BADIBANGA: Mawese? Mu silindri?

KISIMBA: Nilifikiri mafuta ni mafuta—

BADIBANGA: Ulitaka kupika mboga ya sombe mule?

KISIMBA: Ilishikana sawa bukari ya jana ndani ya sufuria! Siku ine nilikuwa chini nayo, na petroli na kamuti. Nilifungua meno yote. Lakini mbele ya kuitoa nilitia alama ku kila jino, moja moja, ili irudie pale ilikuwa.

BADIBANGA: Hapo ulifanya kazi. Maji je?

KISIMBA: Ya mvula tu. Ya robinet, ya bomba, haiingie mule hata siku moja.

BADIBANGA: Na moto bado ni pombe ya lutuku?

KISIMBA: Lutuku. Inakunywa kupita mi na we.

BADIBANGA: [anacheka, anakohoa] Eh... Musafiri alisema tena kintu.

KISIMBA: Nini?

BADIBANGA: Alisema ule muzee njo aliitengeneza. Na mikono yake.

KISIMBA: [mkwaruzo]

BADIBANGA: Haloo?

KISIMBA: Nakusikia, chef. Ni kweli. Nilisema vile.

BADIBANGA: Kwa nini?

KISIMBA: Mwanzo batu baliuliza, nikaogopa kutaja jina yako. Kisha woga ikaisha, ikabakia utamu. Padri akanisifu mbele ya kanisa yote, nami nikainamisha kichwa sawa mutu munyenyekevu. Chef, nina haya. Niko peke yangu hapa na uso inaniwaka.

BADIBANGA: Acha.

KISIMBA: Tena nilibaambia kama—

BADIBANGA: Acha, nakuambia! Haina ile njo nilipigia simu. Mi niliitengeneza miaka mbili, we umeichunga kumi na tatu. Tugawane. Sikia: Musafiri amerudia kule Kolwezi, train yake inatoka kesho. Asubui atapita kwako. Umupatie kamashini, ailete huku.

KISIMBA: Kesho?

BADIBANGA: Kesho. Binti yetu Kabanga amezaa, anaiomba.

KISIMBA: Kabanga! Kale kapacha! Kanazaa tayari? Mungu asifiwe! Na mukubwa wake, Mbuyi, yeye iko na batoto ngapi?

BADIBANGA: [kimya]

KISIMBA: Chef? Réseau imekata?

BADIBANGA: Réseau iko. Ni mi natafuta maneno. Unajua tulikaa ku gare ya kule Kolwezi miezi mbili, tunangojea train. Tunalala inje, batu elfu na elfu.

KISIMBA: Najua.

BADIBANGA: Haujue. Haukukuya kutuona.

KISIMBA: Sikukuya. Chef, acha niseme. Siku moja nilitoka na baiskeli, bidon ya maji nyuma. Maji ya kisima yetu, mama Henriette aliichemusha. Nikafika mpaka ku kona. Nikaona bajeune, bale bijana ya kufukuza Bakasai, banasimama pale, kila mutu analetea Bakasai kintu banaandika jina yake. Nikageuza baiskeli.

BADIBANGA: Maji.

KISIMBA: Bidon muzima. Nikarudi nayo nyumbani, nikaoga nayo.

BADIBANGA: Bon.

KISIMBA: Chef—

BADIBANGA: Kuhara njo ilimushika Mbuyi. Ku gare pale. Tulipopata nafasi mu wagon ilikuwa imemuchosha tayari. Mbele ya kufika Luena, Mbuyi akaniomba kunywa, nikageuka kutafuta kikombe, kugeuka tena...

KISIMBA: Eh. Eh, chef. Hapana.

BADIBANGA: Alikuwa na miaka saba. Train ilisimama kiloko, tukachimba na sahani pembeni ya reli. Haina musalaba, haina jiwe. Train ikapiga filimbi, tukapanda. Mi leo nikipita pale siwezi kukuonyesha ni wapi.

KISIMBA: Sikujua. Naapa, chef, hakuna mutu alituambia.

BADIBANGA: Nani angebaambia? Basi. Picha ziliungua na nyumba. Karatasi ya kuzaliwa iliungua. Kabanga hana kintu ya pacha wake, hata uso anaanza kuusahau. Nikamuambia: jina ya dada yako iko ku kamashini. Niliiandika mu shaba, herufi moja moja. Upande wa kuume Kabanga, upande wa kushoto Mbuyi. Kwetu hautengenezee pacha moja ukamuacha wa pili. Sasa anataka mutoto wake aweke kidole pale. Njo ile tu. Majina ziko?

KISIMBA: Ya... ya Kabanga iko. Inang'aa, chef. Iko nyuma ya silindri, lakini ukiinama unaisoma muzuri.

BADIBANGA: Muzuri. Na Mbuyi?

KISIMBA: Chef, ile meno ya nyuma inaomba grese mbele ya safari, nitaitia leo, tena—

BADIBANGA: Na Mbuyi, Kisimba?

KISIMBA: [mkwaruzo]

BADIBANGA: Usiseme ni réseau. Nasikia unapumua.

KISIMBA: Ile mwaka... bajeune balikuwa banapita nyumba kwa nyumba. Kutafuta nani anafichia Bakasai bintu. Kwa jirani yangu Omer balikuta mashini ya kushona ya mama moja wa Kasai, balichoma nyumba mbele ya batoto yake. Nami niliweka kamashini chini ya kitanda. Na jina ku ubavu. Kwetu pacha wa kwanza anaitwa Kyungu, unajua. Mbuyi, mutu akisoma tu, anajua ni Kasai.

BADIBANGA: Unasema nini?

KISIMBA: Ya Kabanga ilikuwa nyuma ya silindri, haionekane, na tupa haikuweza kuingia mule. Lakini upande wa Mbuyi uko wazi. Silindri zote tatu ziko upande wa Kabanga. Ni shaba tu, na jina.

BADIBANGA: Unasema nini, Kisimba?

KISIMBA: Nasema nilichukua tupa, chef.

BADIBANGA: [sauti ya mwanamke inauliza kitu kwa Kiluba] Hapana, Kanku. Hakuna kintu. Ngoja. — Yote?

KISIMBA: Yote.

BADIBANGA: Iko mbele yako?

KISIMBA: Iko hapa ku magoti. Ingali na moto.

BADIBANGA: Pitisha kidole gumba. Polepole. Herufi ya kwanza niliirudilia mara mbili, ilikuwa ya kina. Utaisikia.

KISIMBA: Napitisha.

BADIBANGA: Unasikia?

KISIMBA: Hakuna, chef.

BADIBANGA: Pitisha tena.

KISIMBA: Hakuna. Nilikwangua muzuri. Kisha nikapitisha musasa mpaka ikawa sawa kioo. We njo ulinifundisha: tupa ya fundi haibakishe alama.

BADIBANGA: Ndiyo. Njo mi.

KISIMBA: Nitaandika tena! Leo hii, chef. Niko na burin yako, ileile ya kuandikia shaba. Mbele ya jua kuingia nitakuwa nimemaliza. Herufi najua, nafasi najua. Musafiri akikuya asubui atabeba kintu kamili, Kabanga hatajua, hakuna mutu—

BADIBANGA: Hapana.

KISIMBA: Sawa ile ya kwanza kabisa—

BADIBANGA: Hapana, nasema! Usiandike. Mukono yako isirudie pale.

KISIMBA: Chef, nakuomba. Nakuomba sana. Unanikatazia hata kutengeneza?

BADIBANGA: Kabanga ataweka kidole pale vile umeweka we.

KISIMBA: Atasikia nini? Hakuna kintu pale!

BADIBANGA: Njo ile atasikia. Nitamuambia ni nani alifanya na ni juu ya nini. Woga yako nitamuambia pia, sitaificha, maana woga ilikuwako kwa kweli. Kisha akitaka, yeye njo ataandika jina ya pacha wake.

KISIMBA: Ataniona namna gani?

BADIBANGA: Sijue. [mlio mfupi: tii]

KISIMBA: Nini inalia?

BADIBANGA: Unité inaisha. Sikia mbio mbio. Toa maji yote mu chaudière, mu tangi ya mvuke, ikauke vizuri.

KISIMBA: Nitatoa.

BADIBANGA: Funga mu blanketi. Usiilaze ku upande wa silindri.

KISIMBA: Nitailaza ku— nitailaza ku ule mwingine. Chef, nina haya. Sijue niseme namna gani ingine. Nina haya mpaka—

BADIBANGA: Najua, petit. Kata karatasi, uifunge ku mashini. Uandike ni nani anatuma.

KISIMBA: Ya nini? Musafiri ananijua, atabaambia ni mi—

BADIBANGA: Musafiri haiko mutu wa kusema kwa nafasi yako. [tii] Andika jina yako. Yote. Herufi kubwa, na wino, isifutike mu njia.

KISIMBA: Jina yangu tu?

BADIBANGA: Anza na jina. Kisha— [tii, tii] —salimia mama Henriette, umuambie kama Kanku—

KISIMBA: Chef! Chef, kisha jina niandike nini? ...Haloo? Kisha jina, niandike nini?